Soma Ubavu Kabla ya Kusifia Kashata

Haya ndiyo niliyozungumza kuhusu matairi Jumamosi pale Karatu, kwenye kikao cha wenye pikapu na madereva wanaobeba vitunguu. Wengi mlikuwa mashambani au safarini, mkaomba niyaweke yote. Nimeyaacha kama nilivyoyasema.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, mama zangu mlioacha magunia sokoni mkaja, madereva wenzangu. Shikamooni wazee. Vijana, habari za mchana.

Mwenyekiti amenipa mada ya matairi kwa sababu masika yako mlangoni, na mnajua wenyewe masika yanavyotutenda. Nimeikubali kwa moyo wote, maana jambo hili linaniuma. Kabla sijaenda mbali naomba niulize. Nani hapa anazijua namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi lake la nyuma, upande wa dereva? Inueni mikono juu. Naona mikono 3. Asanteni. Sasa, nani anaikumbuka bei aliyonunulia tairi hilohilo? Haya, ukumbi mzima.

Mmeona? Bei tunayo kichwani mpaka shilingi ya mwisho, lakini namba inayotuambia tairi litabeba nini, lilizaliwa lini na linakaa ringi gani, hatuna habari nayo. Tunafika dukani tunaangalia kashata, yale matuta ya mpira usoni mwa tairi. Kashata zikiwa nene tunasema hili ndilo. Mimi leo nimekuja na ombi moja: soma ubavu kabla ya kusifia kashata.

Tuanze na njia. Gari lako linapita wapi? Usinijibu kwa njia unayoiogopa. Nijibu kwa njia unayoipita kila wiki. Chukueni safari yetu hii ya vitunguu. Unapakia Mang'ola, chini kule Eyasi, kwenye vumbi, mchanga, mawe yenye makali na miiba ya migunga. Unapanda kuja huku juu, unakutana na udongo mwekundu wa Karatu, ambao ukiloa hauna tofauti na sabuni. Kisha unakamata lami, unapita Rhotia, unateremka ule ukuta wa Bonde la Ufa hadi Mto wa Mbu, Makuyuni, mpaka Arusha. Kutoka hapa tulipo hadi Arusha ni kama kilomita 140, lami tupu. Kwa hiyo hata wewe unayejihesabu dereva wa porini, sehemu kubwa ya tairi lako inaliwa na lami.

Kuna kijana wa kwetu alinunua matairi ya tope. Mnayajua, yale yenye kashata kama matofali yaliyopangwa mbalimbali. Gari likapendeza, sikatai. Siku moja mvua imenyesha, tunateremka kuingia Mto wa Mbu, mimi niko nyuma yake. Mbele kukawa na basi limepunguza mwendo kwenye kona. Akakanyaga breki. Nikaona mkia wa pikapu unatoka taratibu, unatoka, unatoka, gari likakaa kimshazari, likaenda kujigonga kwenye kingo ya upande wa mlima. Upande wa mlima, ndugu zangu. Ingekuwa upande ule mwingine, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Kwa nini liliteleza na kashata zake zote zile? Kwa sababu lami iliyoloa inataka mpira mwingi uiguse, na inataka vile vichanja vyembamba vilivyokatwa juu ya kashata, kama vya wembe, vinavyokata ule utando wa maji. Tairi la tope limeachiwa nafasi kubwa ili lijisafishe matope. Nafasi hiyo ndiyo inayolikosesha mpira wa kushika lami. Na lilivyokuwa linakwenda Arusha kila wiki, baada ya miezi michache zile kashata zilikuwa zimeliwa upande mmoja mmoja kama meno ya msumeno, linavuma ndani ya gari mpaka abiria hawasikilizani.

Sasa msikimbilie upande wa pili. Mzee wangu mmoja alisema yeye hataki makelele, akafunga matairi ya lami, laini, membamba ubavuni. Yalimtumikia vizuri sana Arusha na kurudi. Siku ametumwa mzigo chini ya Mang'ola, jiwe likampasua ubavu. Akatoa spea. Hajamaliza saa moja, jiwe jingine, ubavu mwingine. Giza likamkuta pale na mzigo wake, akalala njiani siku 2 akisubiri msaada, na vitunguu vya juu vikaanza kuchemka. Ndugu zangu, msumari uliopita katikati ya uso wa tairi fundi pancha anauziba, unaendelea na safari. Ubavu ukipasuka hauzibiki kwa usalama. Hata akikushonea, usiuamini na mzigo.

Kati ya hao wawili ndipo linapokaa tairi la njia zote, na kwa kazi yetu hii ndilo ninalowashauri wengi wenu. Ukilishika, angalia mambo haya kwa vidole. Pitisha kidole kati ya kashata na kashata: kiingie, lakini kashata zisiwe mbalimbali kama za tope. Tazama chini ya mfereji, kama kuna vinundu vidogo vya mpira. Hivyo kazi yake ni kuyatema mawe, maana jiwe likikwama pale huwa linachimba kidogo kidogo kuelekea kwenye nyuzi za ndani. Tazama begani, pale uso unapokunja kuwa ubavu. Lililo zuri kwa mawe ya Eyasi limeshuka na kashata nene mpaka ubavuni. Halafu tafuta vile vichanja vya wembe nilivyosema. Likivikosa kabisa, hilo ni tairi la tope limepewa jina jingine.

Na niseme ukweli wote: udongo mwekundu ukinyeshewa mvua ya usiku kucha, hata tairi hili litajaa tope kwenye mifereji likawa kama limepakwa uji. Hapo hakuna tairi la kununua. Hapo unasubiri jua lipige kwa muda wa saa 3 au 4, au unaahirisha. Dereva anayesubiri si mwoga.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo ningependa mlisikie hata kama mengine yote mtayasahau. Uzito.

Mama mmoja yuko humu ndani, sitamtaja, anamiliki pikapu 1 na dereva wake ni mwanawe. Alikwenda kununua matairi, akamuuliza muuzaji swali moja tu: "Hili linabeba kilo ngapi?" Muuzaji akamjibu, "Mama, hili linabeba mzigo wowote." Yule mama akafunga pochi yake akaondoka. Nilipomuuliza kwa nini, akaniambia, "Mwanangu, hata punda ana mzigo wake. Kitu kinachobeba mzigo wowote hakijawahi kupimwa." Mimi nimeendesha miaka 22, na sijasikia somo la matairi lililofupishwa vizuri kama hilo.

Basi tusome ubavu pamoja. Pikapu nyingi za milango minne hapa nje zina tairi limeandikwa 265/65R17, kisha pembeni 112 na herufi, tuseme S. Hiyo 265 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya ule upana. R ni radial, ule mpangilio wa nyuzi zinazokata moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo. 17 ni ringi, kwa inchi. S ni mwendo, kilomita 180 kwa saa, ambao hauna kazi kwako na vitunguu. Na 112? Hiyo 112 ndiyo ninayoitafuta. Hizo si kilo 112. Ni namba ya jedwali, na kwenye jedwali 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja. Matairi 2 ya nyuma ni kilo 2,240. Basi. Hapo ndipo mwisho wake, tena likiwa na upepo uliopangwa.

Tupige hesabu. Pikapu tupu ina takribani tani 2. Tuseme nyuma kumekaa kilo 850. Mzigo wa kwenye bodi karibu wote unakalia ekseli ya nyuma. Ukipakia magunia 10 ya kilo 100, kilo 1,000 zinakuja juu ya 850, ni 1,850. Matairi yanakubali. Sasa niambieni, ni nani hapa anapakia gunia la kilo 100?

Kimya. Tunapakia lumbesa. Gunia limeshonewa kofia juu, wavu unaning'inia kama mimba, tunaliita gunia 1. Wakala wa Vipimo wamelikemea miaka na miaka kwa sababu linamwibia mkulima, na mkulima kweli anaibiwa. Lakini lumbesa linamwibia na tairi. Chukua lumbesa la kilo 130, pakia 12 tu. Hizo ni kilo 1,560. Jumlisha 850. Ni 2,410. Tayari umevuka kilo 170, na bado hujaweka vijana 3 wa kushusha waliokaa juu ya magunia, na bado gari halijaingia kwenye shimo. Gari likiingia shimoni, kwa ule mpigo mmoja tairi linakandamizwa kuliko mizani inavyosema.

Ndiyo maana nasema, mwenye kubeba mzigo atafute tairi lenye herufi LT mwanzoni mwa namba, au C mwishoni, kama lile la 205R16C la pikapu za zamani. Hayo yametengenezwa kwa magari ya mizigo. Saizi ileile ya 265/65R17 ipo ya LT yenye 120, na 120 ni kilo 1,400. Ubavu wake una tabaka zaidi, mara nyingi utakuta imeandikwa 10PR, yaani kiwango cha nguvu za tabaka zake, na jiwe la Eyasi linahangaika nalo. Lina gharama yake: ni zito kwa kilo kadhaa, ukiwa mtupu linakurusha, na mafuta yanapanda kidogo. Kama pikapu yako kazi yake ni kupeleka watoto shule na wikiendi shambani, huna haja nalo, usijitese. Lakini mpakiaji wa Mang'ola, hilo ni lako.

Na naomba nisieleweke vibaya. Kufunga tairi la 120 hakuigeuzi pikapu kuwa Fuso. Springi ni zilezile, breki ni zilezile, ekseli ni ileile. Tairi limekuongezea usalama ndani ya mzigo halali. Halijakupa ruhusa ya gunia la 13.

Kuna vijana wananiuliza kuhusu kupanda saizi, gari linyanyuke. Ukitoka 265/65R17 ukaenda 265/70R17, tairi linazidi kimo kwa zaidi ya asilimia 3. Speedomita ikisoma 80, wewe uko karibu na 83. Injini inapata kazi ya ziada mlimani. Wengine wanakwenda mbali zaidi mpaka tairi linasugua bodi wakikata kona. Kama una sababu ya kweli ya kunyanyua, nyanyua hatua moja, na spea nayo iwe saizi hiyohiyo. Kama sababu ni picha, hela hiyo iweke kwenye LT.

Sasa umri. Hili nalisema kwa uchungu.

Mwaka 2019 nilinunua matairi 4 kwenye duka moja mjini. Meusi, yanang'aa, kashata zote zipo, bei nzuri. Nikayafunga siku hiyohiyo. Wiki ya 3 tunarudi kutoka Arusha mchana, jua kali, mimi na shemeji yangu, tumekaribia Makuyuni. Nikasikia mlio kama mtu anapiga mlango kwa kiganja, pa, pa, pa, chini ya bodi. Sijapunguza mwendo vizuri, uso mzima wa tairi la nyuma ukachomoka kama ganda la ndizi. Gari likatoka barabarani. Shemeji alivunjika mkono. Mungu alitusaidia, hatukupinduka.

Baadaye, tumeshampeleka shemeji hospitali, nilirudi kwenye gari. Nikachuchumaa kwenye lile tairi, nikafuta vumbi kwa kidole ubavuni, mahali nisipowahi kupaangalia. Palikuwa na herufi DOT, msururu wa namba, na mwishoni kabisa tarakimu 4: 1411. Wiki ya 14, mwaka 2011. Nilikuwa nimenunua kama jipya tairi la miaka 8. Lilikuwa limepakwa dawa nyeusi tu. Nikiinama karibu niliona nyufa nyembamba kama nywele zimeuzunguka ubavu wote.

Jamani, mpira unazeeka hata ukikaa dukani. Unazeeka kwa jua, kwa joto, kwa hewa yenyewe. Watengenezaji wengi wa magari wanashauri tairi libadilishwe likifika miaka 6, na wengi wa watengenezaji wa matairi wanasema miaka 10 ndiyo mwisho, hata kashata zikiwa kama siku ya kwanza. Ukifika dukani, kabla ya kuuliza bei, chuchumaa. Tafuta zile tarakimu 4. Huzioni? Geuza tairi, mara nyingi zimeandikwa upande mmoja tu. Muuzaji akikasirika kwa sababu umechuchumaa, nenda duka la pili.

Na wale wa mtumba, nawasihi jambo moja zaidi. Magari mengi na matairi mengi ya mtumba yanatoka Japani, na Japani kuna theluji. Ukiona ubavuni pameandikwa STUDLESS, hilo ni tairi la barafu. Mpira wake ni laini, vichanja vimejaa juu, ukilibonyeza kwa kucha linabonyea. Linaonekana zuri sana kwa macho. Kwenye joto la Eyasi na tani 1 mgongoni linayeyuka kama mshumaa. Liache.

Upepo. Hapa nitakwenda haraka kwa sababu mnajua mengi. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinakuambia upepo wa gari tupu na wa gari lenye mzigo. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi, maana likishatembea joto linapandisha kipimo na utadanganyika. Ukifunga LT, usiliache na upepo wa tairi lile la zamani. LT linahitaji upepo zaidi kubeba uzito uleule. Jirani yangu alifunga LT akabaki na PSI 30 yake ya siku zote, mabega ya tairi yakaliwa, katikati pamebaki kama jipya, akaja kulaumu tairi. Kwenye mchanga wa Eyasi, punguza hadi PSI 20 hivi, tairi litalala na kukanyaga pana zaidi. Ukitoka mchangani, jaza tena kabla hujaongeza mwendo. Kipampu cha kuchomeka kwenye betri si anasa kwa gari linaloshuka kule.

Mara kwa mara mnaniuliza, "Tairi la kampuni gani?" Siwezi kuwachagulia kampuni. Naangalia jambo moja: nikipasua 1, nitalipata la pili linalofanana Arusha siku hiyohiyo? Maana ukiwa na pikapu ya kuunga magurudumu 4, ukachanganya tairi jipya na kipara, moja kubwa moja dogo, ukaunga kwenye ardhi kavu, gia na ekseli zinavutana zenyewe kwa zenyewe. Nunua 5, na spea iingie kwenye zamu ya kubadilishana nafasi kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Kama hela ni ya 2 tu, hayo mapya yafunge nyuma.

Na kashata, hatimaye. Tairi jipya la njia zote huwa na kina cha milimita 10 hadi 13 hivi. Ndani ya mifereji kuna vidaraja vidogo vya mpira. Uso wa tairi ukilingana navyo, umebakiwa na milimita 1.6, hilo ni la kutupa. Lakini kwa udongo wetu mwekundu mimi sisubiri hapo. Yakifika milimita 4, masika hayanikuti nayo.

Mwenyekiti, naona muda. Nimekuja na chaki nyeupe boksi 2 na vipimo vya upepo 3. Ninaomba sote tutoke nje sasa hivi, kila mmoja asimame kwenye gari lake, achuchumae, azungushie kwa chaki ile namba ya uzito na zile tarakimu 4 za umri. Matairi yote 5, na spea ishushwe, isiachwe chini ya bodi. Vijana waanze kuwasomea wazee ambao macho yamechoka. Tuanzie kwa ile pikapu ya bluu iliyo chini ya mkaratusi. Wakati naingia nililisoma tairi lake la nyuma kulia, limeandikwa 0914. Mwenye gari, naomba uje na jeki.